Gari la spoti kutoka Nairobi: swali la kuulizwa kabla ya arbuni

Mnunuzi kutoka Kampala anayevuka mpaka wa Busia au Malaba kwenda Nairobi kutafuta gari la kifahari lenye kasi hapokewi vibaya. Yadi za Barabara ya Ngong, Kilimani na Barabara ya Kiambu zimepangwa vizuri, magari ya Porsche na Range Rover Sport yameoshwa yakang'aa, na kabla mgeni hajaketi ameshaletewa kahawa. Bei hutajwa kwa shilingi za Kenya, na kwa aliyetoka nje hutajwa pia kwa dola. Hata hivyo, katika yote anayoonyeshwa limo jambo moja lisiloonekana kwa macho, nalo ndilo litakaloamua kama atarudi nyumbani na gari au na kesi. Siku hiyo, gari lililo mbele yake ni mali ya nani?

Swali hilo huweza kuonekana la kitoto. Gari liko katika yadi, basi ni la yadi. Lakini biashara ya magari ya bei kubwa nchini Kenya haiendi hivyo kila mara. Gari la spoti huweza kukaa miezi mingi bila kupata mnunuzi, na ni wafanyabiashara wachache wenye mtaji wa kununua magari kumi ya namna hiyo kisha wakayasubirisha. Kwa hiyo yadi hupokea magari ya watu binafsi na kuyauza kwa niaba yao, kwa kamisheni. Mengine yalinunuliwa kwa mkopo na benki bado ina haki juu yake. Mengine hayapo kabisa: mnunuzi anaonyeshwa picha tu, gari lenyewe liko Japani au Uingereza, na yeye ndiye anayeombwa kutoa fedha za kuliagiza.

Hakuna kosa la kisheria katika lolote kati ya hayo. Muuzaji mwaminifu huyasema mwenyewe kabla hajaulizwa, na huweka wazi ni lipi kati ya hayo linalomhusu mteja wake. Hatari huanzia pale anaponyamaza. Mnunuzi hulipa yadi, yadi hutumia fedha hizo kuziba deni jingine, mwenye gari halipwi, naye huja na hati zake kulichukua gari lake. Hapo mnunuzi hubaki na risiti na namba ya simu isiyopokelewa.

Jina lililo katika daftari

Sheria ya Trafiki ya Kenya, katika kifungu cha 8, inasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Daftari hilo hutunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), na mtu yeyote mwenye akaunti katika mfumo wa serikali wa eCitizen anaweza, kwa ada ndogo, kutafuta gari kwa namba yake ya usajili. Majibu humpa jina la mmiliki na maelezo ya gari: aina, mwaka, rangi, namba ya chesisi na namba ya injini.

Utafutaji huo ufanywe na mnunuzi mwenyewe au wakili wake, si na yadi. Karatasi iliyochapishwa na muuzaji juma lililopita ni karatasi tu. Jina linalotokea likiwa si la yadi, mnunuzi ana haki ya kuomba kuona mkataba unaompa muuzaji mamlaka ya kuuza, na kuzungumza na mwenye gari ana kwa ana. Yadi inayokataa jambo hilo kwa kisingizio cha siri za mteja imekwisha kujibu swali.

Namba ya chesisi isomwe katika gari lenyewe, si katika hati peke yake. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani huwa na namba yenye tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo ili zisichanganywe na 1 na 0. Tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji: WP0 kwa magari ya spoti ya Porsche, ZFF kwa Ferrari, SAL kwa Land Rover. Namba hiyo hukaa zaidi ya mahali pamoja, chini ya kioo cha mbele na katika bodi lenyewe, na pote isomeke sawasawa. Bati lililochokonolewa au lenye misumari mipya ya ribiti ni sababu tosha ya kuondoka.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayafuati utaratibu huo. Namba yake ni fupi, na huanza na msimbo wa muundo wa gari. Hapo mnunuzi makini hupata faida asiyoitarajia. Chukua Subaru WRX, gari ambalo vijana wa Nairobi wanalipenda kuliko hata yale ya bei maradufu. Namba ikianza na VAB, hilo ni STI halisi, lenye gia za mkono. Ikianza na VAG, ni WRX S4, gari zuri lakini la giaboksi ya otomatiki na injini nyingine. Kulivika S4 beji, bawa la nyuma na rimu za STI si kazi kubwa kwa fundi wa bodi, na tofauti ya bei inamshawishi. Beji hubandikwa, ila msimbo umegongwa kwenye chuma.

Kuhusu deni, Kenya ina sheria ya mwaka 2017 ya haki za dhamana katika mali zinazohamishika, na chini yake kuna daftari la kielektroniki ambamo benki na wakopeshaji huandikisha mali iliyowekwa rehani. Wakili anaweza kulitafuta kwa muda mfupi. Wakili huyo huyo anaweza kuomba fomu iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni inayouza. Majina hayo yakilinganishwa na ya mtu aliyeketi nyuma ya meza, mara nyingine hutokea kwamba "mkurugenzi" aliyekuwa akipokea wageni ni dalali tu aliyepewa kiti.

Njia ambayo gari limepitia

Mwaka 2015 Shirika la Kitaifa la Uhalifu la Uingereza lilitangaza kisa ambacho wanunuzi wa Uganda hawapaswi kukisahau. Gari aina ya Lexus RX 450h, mali ya mtu aliyekuwa Uingereza, liliibwa likiwa na kifaa cha kufuatilia mwendo. Ishara zake zilifuatwa kupitia bandari ya Mombasa hadi Uganda, na uchunguzi uliofuata ukabaini zaidi ya magari mengine 20 ya kifahari yaliyoibwa Uingereza. Tangu hapo maafisa wa forodha wa Mombasa wamewahi kufungua makontena yaliyotangazwa kuwa na vyombo vya nyumbani vilivyotumika na kukuta ndani yake Range Rover.

Sababu ya Afrika Mashariki kulengwa si fumbo. Uingereza, Kenya, Uganda na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari lililoibwa London huingia barabara za Nairobi au Kampala bila kubadilishwa usukani. Aliyelinunua bila kujua hakosi huruma, lakini huruma hairudishi gari. Mwizi hakuwa na umiliki wa kuuza, na huwezi kupokea kwa mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho. Gari hurudi kwa mwenyewe au kwa kampuni ya bima iliyokwisha kumlipa.

Kwa gari lililotoka Uingereza, njia ya kujikinga ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Muuzaji aombwe namba ya zamani ya usajili wa Uingereza. Serikali ya nchi hiyo huweka wazi mtandaoni, bila malipo, historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari, na ndani yake imo idadi ya maili zilizosomwa kila lilipokaguliwa. Gari lisilofikisha miaka mitatu halitakuwa na historia hiyo, kwa sababu ukaguzi wa kwanza huja baada ya muda huo. Lililofikisha nalo lisipoonekana kabisa, au likaonekana lilikuwa na maili 90,000 mwaka juzi na leo dashibodi yake inasoma kilomita 60,000, mazungumzo yamekwisha. Zipo pia huduma za kulipia zinazoeleza kama gari limeripotiwa kuibwa, lina deni, au liliwahi kufutwa na kampuni ya bima baada ya ajali. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa lakini yanayoweza kutengenezwa huwekwa katika kundi S, yakiwa yameharibika kiunzi, au kundi N, yakiwa hayakuharibika kiunzi. Gari la kundi S lililonyooshwa vizuri huweza kupendeza macho, lakini kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa kiunzi kilichounganishwa hakipaswi kuaminiwa kwa neno la muuzaji.

Ipo tofauti moja inayowachanganya wengi. Hati ya usajili ya Uingereza, V5C, imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu anayewajibika kulisajili na kulilipia kodi, naye huweza kuwa mwajiriwa, mke au mpangaji wa gari. Mkenya aliyezoea sheria ya nchi yake huiona V5C kama hati ya umiliki, na wauzaji wengine huitumia imani hiyo. Kinachohitajika ni ankara ya ununuzi kutoka kwa muuzaji wa Uingereza na uthibitisho wa malipo.

Japani hutoa karatasi za namna nyingine. Magari mengi yaliyotumika hupitia mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya mkaguzi yenye daraja. Herufi R au RA mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo hughushiwa, hivyo ni afadhali ikaguliwe upya kwa namba ya chesisi kupitia huduma isiyohusiana na muuzaji. Cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje huonyesha pia kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa Japani. Muuzaji anayesema kwamba cheti hicho "kilibaki kwa wakala wa forodha" aombwe kukifuata.

Kodi nayo ina mtego wake. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 kwa magari ya petroli yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 3,000, mbali na ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kwa gari la spoti, jumla hiyo ni mlima, na ndiyo inayozaa ujanja. Liko gari lililoingia kama mzigo wa kupita tu kwenda nchi jirani, ambalo halikulipiwa kodi ya Kenya. Liko pia la mwanadiplomasia au mfanyakazi wa shirika la kimataifa, lililoingizwa bila kodi. Akiliuza kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi hudaiwa. Bei ya chini isiyoelezeka mara nyingi ni kodi ambayo haijalipwa bado, inayomsubiri atakayefuata. Hati ya forodha ya kuingiza gari, ikiwa na namba yake, ndiyo inayoweza kulimaliza swali hilo, na wakala wa forodha aliyeajiriwa na mnunuzi anaweza kuithibitisha kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya.

Fundi asiyelipwa na muuzaji

Hati zikiwa safi, ndipo gari lenyewe litazamwe. Hapa wanunuzi wengi hukosea kwa kuwaleta mafundi hodari wa Toyota kukagua gari wasilolijua. Gari la spoti huficha ugonjwa wake mahali pengine.

Kompyuta ya injini ya Porsche 911 huhifadhi kumbukumbu ya mara ambazo injini ilizungushwa kupita mpaka wake, ikizigawa katika viwango, pamoja na saa ambazo tukio lilitokea. Fundi mwenye kifaa sahihi huisoma kwa dakika chache. Kumbukumbu za viwango vya juu kabisa maana yake dereva alikosea gia, akaingiza ya chini akiwa katika mwendo mkubwa, na hakuna polishi inayofuta hilo. Kwa 911 zilizotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na 2008, fundi anayezifahamu atauliza kuhusu beringi ya shafti ya kati, ambayo ikivunjika huiua injini nzima. Gari lenye breki za kauri halipimwi kwa unene wa diski tu, kwa kuwa diski hizo huchakaa kwa kupoteza uzito. Seti mpya huweza kugharimu zaidi ya gari dogo zima, na mnunuzi asiyejua hilo hulijua siku ya kwanza ya matengenezo.

Nissan GT-R ya R35, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2007, ina giaboksi iliyowekwa nyuma na inayotaka mafuta maalumu kwa wakati wake. Risiti za mafuta hayo huzungumza zaidi ya maneno ya muuzaji. Zikikosekana, bei ihesabiwe kana kwamba giaboksi imekwisha.

Jambo linalomtofautisha muuzaji mwaminifu na mwingine ni jinsi anavyolipokea ombi la gari kupelekwa kwenye gereji aliyoichagua mnunuzi. Wa kwanza hutaka amana ndogo, dereva wake awepo na bima iwe hai. Hayo ni masharti ya haki, kwani gari ni la thamani na mgeni hamjui. Wa pili husema kwamba wameshalikagua wenyewe, au kwamba mteja mwingine anakuja saa tisa na fedha mkononi. Mteja huyo wa saa tisa yupo katika kila yadi, na hajawahi kuonekana akifika.

Kuna wanaoshauri kwenda kwa wakala rasmi wa kampuni tu. Ni ushauri mzuri kwa mwenye uwezo, kwani wakala rasmi ana vifaa, mafundi na dhamana ya mtengenezaji. Lakini uwakala hubadilika mikono, na bango ukutani huweza kudumu kuliko mkataba. Tovuti ya mtengenezaji mwenyewe hutaja nani anayemwakilisha nchini Kenya kwa sasa. Jina lisipokuwamo humo, neno "rasmi" ni rangi tu.

Fedha, na upande huu wa mpaka

Malipo yaende katika akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo katika mkataba, iwe kampuni au mwenye gari aliyesajiliwa. Akaunti ya mtu wa tatu, au ombi la kugawa malipo nusu benki na nusu taslimu, huondoa ushahidi ambao mahakama ingeuhitaji. Kwa kiasi kikubwa, ni busara fedha zishikwe na wakili kwa maandishi, ziachiwe pale uhamisho wa umiliki unapokamilika. Arbuni iwe ndogo, na risiti iseme kama itarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro. Hapo ndipo wauzaji wengi hushtuka, kwa sababu wamezoea risiti isiyosema kitu.

Anayeambiwa alipe gari ambalo bado liko nje ya nchi anafanya jambo jingine kabisa: anamkopesha muuzaji bila rehani. Akikubali, malipo yafuate hatua zinazothibitika, yaani ankara ya mnada au ya muuzaji wa ng'ambo yenye namba ya chesisi, kisha hati ya shehena ya meli yenye namba hiyo hiyo. Yadi zilizofungwa ghafla Nairobi na kuwaacha wateja vibarazani ziliwaangusha wengi kwa njia hii, si kwa kuwauzia magari mabovu.

Kwa mnunuzi wa Uganda kuna la ziada. Uhamisho wa umiliki nchini Kenya huanzishwa na muuzaji katika mfumo wa kielektroniki na kukubaliwa na mnunuzi, na mnunuzi lazima awe na namba ya mlipa kodi ya Kenya. Mgeni asiye nayo hawezi kulipokea gari katika daftari hilo, kwa hiyo huambiwa "chukua tu, tutamaliza karatasi baadaye". Gari linalovuka Malaba kwa jina la mtu mwingine linabaki kuwa la mtu huyo mwingine. Kama linanunuliwa ili lisajiliwe Uganda, kulifuta katika daftari la Kenya ni kazi ya mmiliki aliyesajiliwa, na ifanyike kabla fedha zote hazijamfikia.

Umri wa gari nao uangaliwe kwa sheria za pande zote mbili. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, ilhali sheria ya Uganda ya mwaka 2018 imezuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo Porsche ya mwaka 2006 iliyosajiliwa Nairobi zamani inauzwa huko kihalali, na inaweza kununuliwa huko kihalali, lakini haitaingizwa hapa nchini. Hesabu ya kodi ya Uganda iombwe kwa Mamlaka ya Mapato (URA), kwa maandishi na kwa namba ya chesisi, wakati gari lingali katika yadi ya Nairobi na arbuni ingali mfukoni.